Sura ya Saba: Milimita 67

Reli ya Kati inapofika Kilosa hugawanyika. Njia kuu hufuata bonde la Mkondoa kwenda Gulwe, Dodoma na mwisho Kigoma, ilikofika mwaka 1914. Tawi lake, lililojengwa miaka ya 1960, huelekea kusini, hupita Mikumi na kukomea Kidatu, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Hapo Kidatu ndipo linapokutana na TAZARA, reli iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia.

Zinakutana bila kushikana. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000, TAZARA milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, chini ya upana wa kiganja cha mtu mzima. Kwa sababu ya hizo milimita 67, behewa lililotoka Kigoma haliwezi kuendelea hadi Mbeya. Mzigo hushushwa, husogezwa hatua chache, hupakiwa upya. Kila gunia hushikwa mara mbili, na kila linaposhikwa kuna nafasi ya kuchelewa, kuchanika au kupotea.

Waliojenga reli hizo hawakuwa wajinga. Wajerumani waliangalia gharama za koloni lao. Wajenzi wa TAZARA waliangalia reli za Zambia ambako njia yao ingeungana. Kila mmoja kwa upande wake alichagua sawasawa. Kosa lilizaliwa mahali pa kukutana, kwa sababu mahali pale hapakuwa na mwenyewe.

Sura hii inahusu balozi na teknolojia ya habari. Nimeianzia relini kwa kuwa ninaamini milimita 67 ndizo zinazotutesa ndani ya balozi, na kati ya balozi na wizara za nyumbani: kila taasisi ina njia yake nzuri, na mwananchi au mgeni huachwa Kidatu akisubiri kupakiwa upya.

Nyumba moja, luku nyingi

Anayepita nje ya ubalozi huona bendera moja na lango moja, akadhani ndani kuna ofisi moja. Sivyo. Katika ubalozi mkubwa kuna wanadiplomasia wa wizara ya mambo ya nje, kuna mwambata wa jeshi, maofisa wa viza, watu wa biashara, wa misaada ya maendeleo, wa afya na wa usalama. Balozi ndiye mkuu wa nyumba, lakini fedha na maagizo ya wengi wao hutoka kwa wakuu walioko makwao, kila mmoja kwa njia yake. Kwetu ni vivyo hivyo: afisa uhamiaji aliyepelekwa ubalozini anatoka Wizara ya Mambo ya Ndani, mwambata wa jeshi anatoka Wizara ya Ulinzi. Ubalozi ni kama nyumba ya kupanga: ua mmoja, na kila chumba na luku yake.

Jijini Dar es Salaam liko jengo la Umoja House, linalokusanya pamoja balozi za Uingereza, Ujerumani na Uholanzi na ofisi ya Umoja wa Ulaya. Paa moja husaidia, kwa maana watu hukutana kwenye ngazi, husalimiana na kuulizana habari. Lakini ngazi haihamishi jalada. Kwa kazi hiyo lazima kompyuta nazo zikutane.

Na kazi za watu hawa hufika mbali kuliko Dar es Salaam. Kati ya Kilosa na Mikumi iko kata inayoitwa Ulaya, yenye vijiji vya Ulaya Mbuyuni na Ulaya Kibaoni. Misitu ya vijiji vya ukanda huu imewahi kushughulikiwa na nchi mbili za ile Ulaya nyingine. Kuanzia 2009 hadi 2014 Norway, kupitia ubalozi wake, iligharimia mradi wa kutunza misitu ili kupunguza hewa ukaa, uliotekelezwa na shirika la TFCG pamoja na mtandao wa jamii wa MJUMITA. Mwaka 2012 Uswisi, ambayo shirika lake la maendeleo hufanya kazi ndani ya ubalozi, ilianza kugharimia mradi wa mkaa endelevu wilayani Kilosa, na miongoni mwa watekelezaji walikuwa TFCG na MJUMITA tena.

Balozi mbili, bajeti mbili, taratibu mbili za kuandika taarifa, ardhi moja. Ukiwa na mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji na ramani yake, unacho kitu ambacho kila anayekuja baadaye atakihitaji: mwenye mradi wa misitu, mwenye mradi wa mkaa, halmashauri ya wilaya, hata mwenye kusuluhisha mkulima na mfugaji. Ramani ikipatikana kwa wote, kijiji hakipimwi mara mbili. Ikifungiwa katika kompyuta ya mradi mmoja, wazee wataitwa tena chini ya mwembe kueleza mipaka waliyokwisha kuieleza. Anayelipa gharama ya mifumo isiyosomana ni mzee yule aliyeacha shamba lake siku nzima.

Kilomita 50 za Mikumi

Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia inakata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964 na ina kilomita za mraba 3,230. Malori, mabasi, tembo na pundamilia hutumia lami moja, mchana na usiku.

Tuseme gari la watalii limepinduka hapo saa mbili usiku. Majeruhi wanne ni wageni kutoka nchi mbili. Askari wa hifadhi wanafika kwanza. Trafiki wanapima ajali, polisi wanatoa fomu ya PF3, majeruhi wanakimbizwa hospitali. Kabla ya saa nne kuna taasisi tatu zenye daftari tatu, na jina la mgeni mmoja limeandikwa kwa tahajia tatu. Idara ya Uhamiaji inayo picha yake na namba ya pasipoti yake, kwa kuwa aliomba viza kwa mtandao, utaratibu uliozinduliwa Novemba 2018. Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, lina kumbukumbu ya malipo yake ya kiingilio. Daktari wa zamu hana hata kimoja kati ya hivyo. Ana mgonjwa asiyeweza kusema jina lake.

Nani aujulishe ubalozi? Mkataba wa Vienna wa Uhusiano wa Kikonsula wa 1963 unataka ubalozi uarifiwe bila kuchelewa raia wake anapofariki, na umeweka utaratibu kwa raia aliyekamatwa. Majeruhi asiye na fahamu hakuwekewa utaratibu wa namna hiyo. Mkataba wa Vienna wa 1961, ule wa uhusiano wa kidiplomasia, nao unataka shughuli rasmi za ubalozi zipitie Wizara ya Mambo ya Nje au wizara nyingine iliyokubaliwa. Wizara iko Dodoma, balozi nyingi ziko Dar es Salaam. Habari ya Mikumi ikifuata njia rasmi itapanda kwanza Dodoma, kisha ishuke Dar es Salaam, hali mgonjwa yuko kilomita 300 tu kutoka ubalozini kwake.

Ikifika ubalozini, safari ya pili inaanza. Afisa wa konsula anatafuta ndugu. Mtu wa afya anatafuta ndege ya kumhamisha mgonjwa. Mtu wa usalama anataka kujua kama ilikuwa ajali kweli. Kama kila mmoja ana mfumo wake, hospitali itapigiwa simu tatu kuulizwa jambo moja, na muuguzi aliyepaswa kuwa kitandani kwa mgonjwa atakuwa mezani akijibu simu.

Binti wa Kilosa

Sasa tuigeuze safari. Tuseme binti wa Kilosa amekwenda Muscat kufanya kazi za ndani. Miezi miwili alituma fedha na sauti yake ilisikika kila Ijumaa. Mwezi wa tatu simu haipatikani. Mama yake anakwenda kwa mtendaji wa kijiji.

"Shikamoo, baba mtendaji."

"Marahaba, mama. Karibu, keti. Kuna nini?"

Anaeleza. Mtendaji anamwandikia barua. Barua inapita kata, inapita wilaya, inafika Dodoma, inatumwa Ubalozi wa Tanzania Muscat. Ubalozi, kwa haki kabisa, unauliza: namba yake ya pasipoti ni ipi? Aliajiriwa na nani? Swali linarudi njia ileile, kituo kwa kituo, hadi kwa mama aliye na picha moja katika simu na jina la dalali mmoja. Kila alipofika aliambiwa aeleze tangu mwanzo. Kila alipoeleza alilia upya.

Na majibu yapo. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, ina namba ya binti yule, ile yenye tarakimu 20. Pasipoti yake ya kielektroniki, ya aina iliyozinduliwa Januari 31, 2018, haikutolewa bila utambulisho huo, kwa hiyo Uhamiaji wanayo namba ya pasipoti. Kama alipita njia rasmi, ofisi ya serikali inayosimamia huduma za ajira ina habari za mkataba wake. Serikali inajua karibu kila kitu ambacho mama huyu anauliza. Inajua vipande vipande, kila kipande kwenye reli yake.

Ndiyo maana siichukulii teknolojia ya balozi kuwa jambo la mafundi. Ni jambo la mama huyu.

Baada ya Agosti 7

Jaribio moja kubwa la kuunganisha taasisi za ubalozi kwa kompyuta lina mizizi hapa kwetu, na mizizi yake ni ya majonzi. Asubuhi ya Ijumaa, Agosti 7, 1998, mabomu yalilipuka katika balozi za Marekani Dar es Salaam na Nairobi. Dar es Salaam walikufa watu 11. Nairobi zaidi ya 200. Wengi mno walikuwa watu wa hapa hapa: walinzi, makarani, wapita njia, abiria wa daladala na matatu.

Mwaka uliofuata Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Madeleine Albright, aliunda jopo chini ya uenyekiti wa Lewis Kaden kuchunguza namna nchi hiyo inavyofanya kazi nje. Jopo liliangalia usalama wa majengo, lakini liliangalia pia meza za watumishi. Lilikuta teknolojia iliyochakaa, na taasisi zilizokaa chini ya paa moja zikiwa na mitandao isiyounganika, hata kutumiana barua pepe ikawa shida. Ripoti yake ya Novemba 1999 ilipendekeza mfumo mmoja wa pamoja kwa taasisi zote zilizoko ubalozini. Balozi mbili zilichaguliwa kwa majaribio: Mexico City na New Delhi.

Fedha zilikuwapo, mafundi walikuwapo, na jambo lilikuwa na baraka za wakubwa. Hata hivyo mfumo ule haukuenea duniani. Wakaguzi wa Bunge la Marekani walikuwa wametahadharisha mapema, mwaka 2000: kupata makubaliano ya taasisi nyingi kutakuwa kugumu, mpango wenyewe haujakamilika, na usalama wa mitandao iliyounganishwa ni swali zito. Wapangaji wa mfumo walitaka reli zote zing'olewe na kutandikwa kwa upana mmoja, kabla wenye reli hawajakaa kuulizana ni mizigo gani hasa inayohitaji kuvuka.

Kilichofanikiwa baadaye kilikuwa kidogo na rahisi. Mwaka 2006 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilianzisha Diplopedia, kamusi elezo ya ndani inayoendeshwa kwa programu ileile ya Wikipedia. Afisa aliyejua utaratibu fulani aliuandika, mwingine akausahihisha, wa tatu aliyepangiwa kituo kipya akausoma kabla hajapanda ndege. Haikumtaka mtu aache mfumo wake. Ilimtaka tu aweke mezani kile ambacho mwenzake angekihitaji kesho.

Mlango uliokosa kitasa

Lakini kuna upande wa pili, na ningekuwa nakudanganya nikiuficha. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Marekani iliamua kwamba taasisi zake zishirikiane habari zaidi, na taarifa za balozi zikawekwa kwenye mtandao uliofikiwa na watu wengi mno jeshini. Mwaka 2010 taarifa zaidi ya 250,000 zilitoka kwa njia hiyo hadi WikiLeaks, zikasomwa dunia nzima. Zilikuwamo za balozi za Afrika Mashariki. Watu waliozungumza na maofisa kwa kuaminiana walijikuta majina yao hadharani. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikakata haraka unganisho lake na mtandao ule.

Kufungia habari kulikuwa kosa. Kuimwaga yote kwa wote kukawa kosa la pili. Katikati kuna njia nyembamba: kila mtu apate kile ambacho kazi yake inakidai, na kila anayefungua jalada aache alama ya jina lake na saa aliyolifungua.

Mifumo isomane

Tanzania tuna neno letu kwa jambo hili, na nalipenda: mifumo isomane. Rais Samia Suluhu Hassan na viongozi wengine wamelirudia mara nyingi. Neno hilo lina busara kuliko "mifumo iwe mmoja". Watu wawili wanaosomana hawalazimiki kuwa mtu mmoja. Kila mmoja ana kichwa chake, ila barua ya mwenzake anaielewa.

Msingi wa kisheria upo. Sheria ya Serikali Mtandao Namba 10 ya 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao, yenye jukumu la kusimamia mifumo ya taasisi za umma na viwango vyake. Na tunao ushahidi kwamba tunaweza. Tangu 2017 malipo ya serikali yamekuwa yakiingizwa katika mfumo mmoja wa kielektroniki wa malipo, GePG. Mwananchi hupewa namba ya kumbukumbu, wengi huiita kontro namba, analipa kwa simu au benki, na taasisi inaona fedha imeingia. Benki haikuacha mfumo wake. Kampuni ya simu haikuacha wake. Walikubaliana juu ya namba ile tu, nini kiwemo na kisomwe vipi, na foleni ikapungua nchi nzima, kutoka bandarini hadi lango la Mikumi.

Nasema hivi kwa maofisa wanaojiandaa kwenda vituo vya nje: hilo ndilo somo la ubalozi. Tulifanya kwa fedha. Tufanye kwa watu.

Kasha, si reli

Turudi Kidatu. Mwaka 1998 kilifunguliwa pale kituo cha kuhamishia mizigo kati ya reli hizo mbili. Leo Kilosa inapitiwa pia na reli ya SGR, yenye upana wa milimita 1,435. Treni zake za abiria zilianza kwenda hadi Dodoma Julai 2024. Reli tatu, na hakuna atakayeng'oa hata moja ili zilingane. Bado mzigo unaweza kusafiri vizuri, kwa sababu dunia ilikwisha kubaliana juu ya kitu kingine: kontena. Kontena la futi 20 hukaa juu ya meli, lori na behewa la geji yoyote. Winchi hulinyanyua mara moja, na aliyefunga lakiri ndiye anayejibu kilichomo.

Taasisi za ubalozi zinahitaji kasha la namna hiyo. Ndani yake mambo matano tu: huyu ni nani, kwa jina na namba ya pasipoti au ya NIDA, yuko wapi, amepatwa na nini, kwa maneno machache, nani anashughulikia sasa hivi, na lini habari inayofuata itatoka. Polisi wa Mikumi aweze kulifungua kwa simu yake, Dodoma walione papo hapo, afisa wa konsula Dar es Salaam alipokee bila kuandika upya. Maelezo ya ugonjwa yabaki kwa daktari na ndugu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatudai heshima hiyo, na utu unatudai kabla ya sheria.

Kasha lina masharti mawili. La kwanza, mahali pa kukutana pawe na mwenyewe. Kila stesheni ina mkuu wa stesheni. Kila ubalozi uwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, ambaye jalada likikwama anaulizwa yeye, hata awe ametoka wizara gani. Bila mtu huyo, programu bora huishia kuwa sehemu nyingine ya kusubiri.

La pili, kuwe na njia ya akiba. Mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 Mkondoa ulifurika, ukavamia mji wa Kilosa na kuikata reli kati ya Kilosa na Gulwe. Maelfu walikosa makazi, na usafiri wa treni uliharibika kwa miezi. Mitandao nayo hufurika na kukatika, tena saa ya maafa ndiyo huwa mibovu zaidi. Kwa hiyo mambo yale matano yaweze kwenda kwa ujumbe mfupi wa simu, kwa redio ya askari wa hifadhi, hata kwa karatasi iliyopangwa vilevile, na mtandao ukirudi yaingizwe bila kubadilishwa.

Wakubwa hupenda kupima mifumo kwa idadi ya kompyuta zilizonunuliwa na semina zilizofanyika. Mimi napendekeza kipimo kimoja, nacho kinapatikana kijijini. Hesabuni ni mara ngapi mama yule wa Kilosa anaambiwa aeleze tangu mwanzo: kwa mtendaji, kata, wilaya, Dodoma, Muscat. Siku atakapoeleza mara moja tu, kwa mtendaji wake, akiwa ameketi, na swali litakalorudi kutoka Muscat likamkuta mtendaji ana jibu tayari, tutajua zile milimita 67 zimevukwa.